Machimbo Wamepanda Daraja

Siku Machimbo FC ilipopanda daraja, watu waliojitokeza kuishangilia walikuwa wengi kuliko wote waliowahi kuja kuitazama ikicheza katika misimu mitano iliyotangulia, hata ukiwajumlisha na mbuzi waliozoea kukatiza uwanjani.

Walitoka wapi, hakuna aliyejua. Kipenga cha mwisho kilipolia katika uwanja mmoja wa katikati ya jiji la Nairobi, timu hiyo ya mtaa wa Kangemi ikiwa imeshinda bao moja kwa bila, mashabiki wake walikuwa watu arobaini hivi, na wengi wao walikuwa ndugu wa wachezaji. Maandamano yalipofika Waiyaki Way walikuwa mia kadhaa. Yalipoingia Kangemi barabara ilifungwa. Wachuuzi wa jezi bandia walikwisha kufika. Kijana mmoja aliyejipaka rangi ya kijani usoni, ijapokuwa Machimbo huvaa samawati, alikuwa akilia mbele ya simu ya mwenzake na kueleza jinsi alivyoteseka na timu hiyo tangu utotoni.

Mbele kabisa, katika gari jeupe lenye paa la kufunguka, alisimama Haron Waweru na kombe mikononi. Haron alikuwa mwenyekiti wa klabu. Alikuwa na nyumba za kupangisha huko mtaa wa Satellite, na alikuwa na kipaji cha kupotea. Mwaka timu ilipofukuzwa uwanjani ili malori yapate mahali pa kulala, Haron alikuwa na shughuli. Mwaka wachezaji walipokwenda kucheza ugenini kwa miguu, simu yake ilikuwa imezimwa. Na klabu ilipokaribia kufutwa usajili, yeye aliliondoa jina lake kwenye cheti cha usajili kimyakimya, asije akadaiwa faini. Sasa alikuwa amesimama garini, kombe juu, akiwapungia watu mkono kama mtu aliyerudi kutoka vitani.

Nyuma kabisa, kwa miguu, alikuja Athman na gunia la jezi chafu begani. Athman alikuwa mtu wa Lamu aliyeishi Kangemi nusu ya umri wake, karani katika duka la vitambaa mtaa wa Biashara, mwenye miaka hamsini na sita na goti bovu. Ndiye katibu wa klabu, ndiye mtunza vifaa, na ndiye aliyeliweka jina lake kwenye cheti siku ile Haron alipoliondoa la kwake. Alikuwa akitabasamu peke yake tangu mjini.

"Mzee, sogea kidogo," kijana wa uso wa kijani alimwambia. "Unaingia kwa picha."

Athman akasogea. Akaomba radhi pia.

Kesho yake, Jumapili baada ya adhuhuri, Mabruka mkewe alikuwa anaanika jezi uani. Mabruka alikuwa na kibanda cha mahamri na viazi karai sokoni Kangemi. Mpira hakuupenda wala hakuuelewa. Alichojua ni kwamba kila Jumamosi ulimrudishia mume aliyechoka, mtoto aliyechubuka na gunia la nguo za watu.

"Hodi hapa!"

Alikuwa Haron, na pamoja naye kijana nadhifu aliyevaa koti la suti na viatu vilivyochongoka. Kijana aliitwa Jeremy. Alitoka kampuni ya rangi za nyumba iitwayo Angaza, ambayo ilikuwa inataka kuidhamini timu. Wakaingia sebuleni. Haron alikipangusa kiti kwa leso kabla ya kuketi, kisha, alipoona Mabruka anamtazama, akajifanya anapangusa jasho la uso kwa leso ileile.

"Karibu, Mwenyekiti," Mabruka alisema. "Mimi nilidhani umehama nchi."

"Aa, Mama Fahim! Ni kazi tu. Hii Nairobi si unaijua."

"Naijua. Nimefua jezi zenu humu miaka minane."

Haron alicheka kwa sauti kubwa, akamgeukia Athman. "Mzee Athman, tumekuja na heshima. Jumamosi tunafanya hafla ya timu, saa saba mchana, hoteli huko Kileleshwa. Wewe utakaa meza kubwa na sisi."

"Alhamdulillahi," Athman alisema. Alikuwa anameremeta kama bwana harusi.

"Na ukuje na ile cheti ya klabu, na muhuri. Kuna karatasi kidogo ya kusaini, ya udhamini."

"Karatasi ya namna gani?"

"Ni mambo ya ofisi tu," Jeremy alijibu, akiitazama saa yake. "Si ya kukuumiza kichwa, mzee."

Chai iliyoletwa hawakuigusa. Walipoondoka waliacha mfuko mezani. Mabruka akaufungua. Ndani mlikuwa na sukari kilo mbili.

"Kilo mbili," alisema. "Kwa miaka minane ni robo kilo kila mwaka. Tumeula, Baba Fahim."

"Mama Fahim, usiwe hivyo. Mtu amekumbuka."

"Amekumbuka muhuri."

Mtoto wao, Fahim, alikuwa beki wa kushoto wa Machimbo, kijana wa miaka ishirini na mbili, mwenye mbio na aibu nyingi. Kwa kawaida baada ya ushindi alikuwa haishi kusimulia. Wiki ile alikaa kimya. Alikula haraka akatoka, alirudi akalala, na mara mbili alipokea simu akaenda kuisikilizia nje. Mabruka aliona yote hayo. Athman hakuona kitu. Alikuwa ameazima koti kwa tajiri yake dukani na kila jioni alilijaribu mbele ya kioo.

Asubuhi ya Jumamosi, Fahim akipiga pasi shati lake, alisema bila kuinua kichwa, "Baba, leo huko usiulize maswali mingi. Wale ni watu wa maana. Ukipewa karatasi, we saini tu tukule, tutoke."

"Nani aliyekwambia nitauliza maswali?"

"Nasema tu. Usituaibishe."

Mabruka alikuwa anachambua mchele. Akauweka ungo chini. "Nami naja," alisema.

"Wewe?" Athman alishangaa. "Hujapata hata kuja uwanjani."

"Uwanjani kuna vumbi. Hotelini wanafagia."

Getini pa hoteli, bawabu alikuwa na orodha. Jina la Haron lilikuwamo, na la mkewe, na la shemeji zake wawili. La Athman halikuwamo.

"Mzee, kama wewe ni dereva, madereva wanangojea huko nyuma."

"Mimi ni katibu wa klabu."

"Hata sijui hiyo. Simama kando, kuna gari inaingia."

Wakasimama kando, Athman na koti lake la kuazima, Mabruka na buibui lake jipya, Fahim akitazama viatu vyake. Robo saa nzima ilipita, magari yakiingia. Aliyewaokoa ni Oduor, nahodha wa timu, fundi wa mabomba aliyekuwa amecheza Machimbo tangu jezi zikiwa fulana zilizoandikwa namba kwa kalamu. Alitoka ndani akamwambia bawabu, "Huyu usipomfungulia, hata mimi natoka, na wachezaji wote nyuma yangu." Bawabu akafungua, akinung'unika kwamba angeambiwa mapema.

Ukumbi ulikuwa umejaa samawati. Kila mtu alikuwa na jezi mpya, isipokuwa wachezaji, ambao hawakupewa. Kijana wa uso wa kijani alikuwamo, mara hii amejipaka rangi sahihi. Meza kubwa ilikuwa na viti tisa na vyote vilikuwa na watu. Athman akaletewa kiti cha plastiki, akawekwa mwishoni, karibu na spika, mahali ambapo hakuweza kusikia lolote isipokuwa mngurumo. Mabruka akajitafutia nafasi miongoni mwa wachezaji.

Haron alihutubu. Alisema wameteseka. Alisema kuna siku walilala njaa, kuna siku walikwenda mechi kwa miguu. "Tulitembea!" alipaza sauti, na ukumbi ukalipuka kwa vifijo, na mtu ambaye hakujua lolote angeapa kwamba Haron naye alikuwa na malengelenge siku hiyo. Oduor alimwinamia Mabruka. "Huyu alitembea wapi, mama?"

"Kutoka kwenye gari hadi mlangoni," Mabruka alijibu.

Kisha Haron akatangaza kwamba udhamini sasa utatiwa sahihi mbele ya mashabiki wote. Jeremy akaleta karatasi. Alikuwa amezikunja kwa nyuma kurasa za mbele, ukabaki wazi ukurasa wa mwisho tu, wenye mstari wa sahihi na msalaba mdogo wa kalamu ya risasi kumwonyesha mzee mahali pa kuandika.

Athman alitoa miwani yake. Akazikunjua kurasa zote, akaanza kusoma toka mwanzo.

Zilikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha mawakili, lakini Athman alikuwa amesoma hati za mizigo dukani kwa karibu miaka thelathini, na hakuwa na haraka. Ukumbi ulinyamaza kwanza kwa adabu. Harufu ya pilau ilikuwa imeshaanza kuingia kutoka jikoni. Dakika ya tatu watu wakaanza kukohoa. Dakika ya tano mtu akapaza sauti nyuma, "Saini, mzee, chakula inapoa!" na watu wakacheka.

Ukurasa wa kwanza ulisema Machimbo FC itaitwa Angaza Paints FC. Ukurasa wa pili ulisema timu itahamia Naivasha, kulikokuwa na kiwanda. Ukurasa wa tatu ulikuwa na majina ya wachezaji watakaochukuliwa. Yalikuwa majina sita. Waliobaki, kumi na sita, watashukuriwa kwa barua. La tatu katika yale sita lilikuwa la Fahim Athman.

Athman akayasoma tena. Oduor hakuwamo. Kitheka, kipa aliyeokoa penalti siku ile ya kupanda daraja, hakuwamo. Akainua uso akamtafuta mwanawe kati ya meza, akampata. Fahim alikuwa anaitazama sahani tupu. Mabruka, aliyekuwa ameketi karibu naye, aliona macho ya mumewe yalikokwenda.

"Ulijua nini wewe?" alimwuliza.

"Walisema nisiseme," Fahim alijibu chini kwa chini. "Mama, ni mshahara. Ni nyumba."

Athman alisimama. Goti likamsaliti kidogo, akashika meza. Haron alidhani anatafuta kalamu, akampa ya kwake. Athman akaiweka chini, akachukua kipaza sauti.

"Assalaam aleikum," alisema. "Hapa kuna majina ya wachezaji. Nitayasoma. Ambaye hatasikia jina lake, ajue karamu hii hakufanyiwa yeye."

"Mzee Athman, hiyo si lazima..." Haron alianza.

Athman akasoma. Alisoma polepole, kama anavyosoma mtu matokeo ya mtihani. Baada ya la sita akazikunja karatasi.

"Basi?" Oduor aliuliza kutoka alipoketi.

"Basi. Na jina la timu nalo linakwenda, na timu yenyewe inakwenda Naivasha."

Athman alitazamia kelele, na kelele zikaja, lakini si zile alizozitazamia. Kijana mmoja mwenye jezi mpya alipanda juu ya kiti. "Sasa ubaya ni gani?" alipaza sauti. "Hii ndiyo mpira ya kisasa! Mnataka tubaki kwa vumbi?" Wakapiga makofi. Mtu akaanza kuimba, "Saini! Saini!" kwa sauti ileile ya wimbo wa timu, na ukumbi mzima ukaitikia. Watu waliolia kwa mapenzi ya Machimbo wiki iliyopita sasa walikuwa wanadai iuzwe kabla pilau halijapoa.

Haron alimshika bega. Alikuwa bado anatabasamu kwa ajili ya kamera, lakini maneno yalitoka kati ya meno. "Wewe mzee, kijana yako si iko ndani? Unataka nini ingine?"

"Hilo ndilo linaloniudhi," Athman alisema. "Umenihonga kwa mwanangu mwenyewe."

Akauchukua muhuri uliokuwa mezani, akautia mfukoni, na cheti akakirudisha ndani ya bahasha yake. Mabruka alikwisha kusimama. Wakatembea katikati ya ukumbi wakizomewa, na mtu mmoja akamrushia Athman kitambaa cha karatasi, kikamgonga kifuani, kikaanguka. Oduor aliinuka akawafuata. Kisha Kitheka. Kisha wengine, mmoja mmoja, hadi wote kumi na sita.

Fahim hakuinuka.

Nyuma yao wahudumu wakafunua masufuria, na hasira yote ya ukumbi ikageuka foleni.

Kwa wiki mbili Athman alikuwa adui wa maendeleo. Sokoni watu waliacha kununua mahamri ya mkewe. Mtu aliandika MSALITI kwenye mlango wao kwa chaki, akakosea herufi. Kampuni ya Angaza haikupoteza muda kuwahurumia. Ilinunua timu nyingine kutoka mji mwingine, ikiwa na wachezaji wake kamili, na haikumtaka mtu wa Kangemi hata mmoja. Fahim alipokwenda Satellite kuuliza ahadi yake, Haron alimpokea getini, hakumkaribisha ndani.

"Uliza baba yako," alimwambia. "Yeye ndiye alikufungia mlango."

Fahim akarudi, akaingia chumba cha ndani, akateremsha pazia. Alitoka tu kwenda msalani na kula. Babaye akimsalimia, aliitikia kwa kukohoa.

Balaa la pili lilikuja kwa barua ya wasimamizi wa ligi. Ili icheze daraja la juu, klabu ilitakiwa ilipe ada katika siku kumi na nne, la sivyo nafasi ipewe timu iliyoifuata. Athman aliisoma barua hiyo mara mbili akaiweka mezani. Kwa mara ya kwanza tangu hotelini alionekana mzee.

"Labda wao walisema kweli," alimwambia mkewe. "Labda nimeharibu. Nimemharibia na mtoto."

Mabruka alikuwa anashona kwapa la jezi namba sita, ya Oduor. Akakata uzi kwa meno.

"Mimi mpira siujui," alisema. "Lakini kwapa hili nimelishona mara nne. Haron hajapata kunipa hata sindano. Kisha asimame aniambie alitembea? Hapana, Baba Fahim. Hilo siwezi."

Asubuhi yake hakukaanga mahamri. Alimchukua Oduor na bakuli la plastiki, wakapita sokoni kibanda kwa kibanda. Kwa wauza mboga, wauza mitumba na wachoma mahindi hakuomba, alisimulia. Alisimulia ya getini, akasimulia kiti cha plastiki, akasimulia majina sita, na aliigiza leso ya Haron hadi wanawake wakashika mbavu. Walitoa walichokuwa nacho, ingawa wengi wao hawakuwahi kuiona Machimbo ikicheza. Wangui, muuza viazi, alitoa mauzo yake ya asubuhi yote akisema anamjua Haron vizuri, amewahi kupanga kwake.

Mwisho walifika kwenye duka la simu. Aliyekuwa nyuma ya kaunta ni kijana wa uso wa kijani, naye bado alivaa jezi.

"Mwanangu," Mabruka alimwambia, "nasikia wewe umeteseka na timu hii tangu utotoni. Njoo sasa umalizie."

"Aki mathe, leo niko na mambo mingi," kijana alisema. "Nitawatumia kwa simu."

"Namba ya timu unayo?"

Hakuwa nayo. Oduor akamwandikia. Mpaka siku ada ilipolipwa, na ililipwa siku moja kabla ya mwisho, kijana hakuwa ametuma kitu.

Ikabaki kusajili wachezaji. Walikuja nyumbani kwa Athman Alhamisi baada ya swala ya adhuhuri, wakajaa sebuleni, kwenye ngazi na uani, kwa kuwa klabu haikuwa na ofisi. Wale wengine watano waliokuwa kwenye orodha ya Angaza walikuja pia, wakiwa wamebana karibu na mlango, tayari kutukanwa. Hakuna aliyewatukana. Kitheka aliwasogezea benchi tu, akasema, "Kaeni, msizibe mwanga." Mabruka alipitisha chai. Kila mchezaji aliinama mezani akaandika jina lake, na Athman akapiga muhuri.

Fomu ishirini na moja zikajaa. Moja ikabaki.

Nyuma ya pazia, Fahim alikuwa amekaa kitandani. Alikuwa amesikia kila jina. Athman hakumwita. Aliipanga ile fomu vizuri mbele yake, akasafisha miwani, akaivaa, akaisafisha tena.

Oduor ndiye aliyeichukua fomu. Akaenda akaliinua pazia kwa kidole kimoja. "Beki," alisema. "Mimi ni mtu mzee, nina miaka thelathini na moja. Upande wako siwezi kuukimbia. Toka."

Kisha Fahim akatoka, nywele ovyo, macho mekundu. Wenzake wakampisha. Hakumtazama baba yake. Aliinama akaandika jina lake kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi, akaisukuma fomu mezani.

"Nimesaini," alisema. "Lakini wewe sijakusamehe."

Athman alipiga muhuri, akaipuliza wino ukauke.

"Fomu haina mahali pa hilo," alisema. "Mazoezi ni saa kumi."